Mimi ya Kuazima

Baba alitaka niwe karani wa benki,
pale Nyawera, nyuma ya kioo,
nihesabu noti za watu hadi vidole vinuke.
Nikamwambia: vidole vyangu vimeshapata kazi.
Akaacha kutafuna. Tonge la bugali likabaki mkononi mwake
kama hoja iliyokosa wa kuijibu.
"Kupunga hewa? Hiyo nayo kazi?
Nani atakulipa, upepo?"

Akonkwa, mdogo wangu, alikuwa ameketi palepale,
akisoma midomo, akiambulia nusu,
nusu nyingine akiniuliza kwa nyusi.
Nikamtafsiria yote, hata huo upepo.
Akacheka kwa sauti ile yake isiyojua ukubwa wake
hadi majirani wa Buholo wakagonga mabati.

Hivyo ndivyo nilivyoanza: mezani, kati ya sombe na ugomvi,
kabla sijajua kwamba jambo hili lina jina, lina shule,
lina mwalimu mkali aitwaye Bi Nsimire
anayekupiga kidole kikipinda vibaya:
"Hapo umesema mbuzi. Mgonjwa alisema uchungu."

Alitufundisha kwamba uso ni sarufi.
Shavu likivimba, mzigo ni mzito.
Nyusi zikipanda, ni swali,
na swali halina haya.
Nami nililelewa kutotikisa uso mbele ya wakubwa;
ilinichukua mwaka mzima kuufungua,
kama dirisha lililopakwa rangi pamoja na fremu yake.

Na hili alilirudia kila asubuhi:
"Ukitafsiri, huna mimi yako.
Akisema mimi, sema mimi.
Ya kwako iache mlangoni, pamoja na viatu."

Nikadhani ni rahisi.

Jumanne moja, hospitalini, daktari akaikazia macho karatasi
kuliko alivyomtazama Mama Faida.
"Mwambie mtoto hana mapigo."
Mwambie. Kana kwamba ni: mwambie afunge mlango.
Yeye alisema kwa kinywa, neno likapita zake;
mikono yangu ndiyo iliyoonekana ikisema.
Hadi leo tukikutana soko la Kadutu
ananisalimu vizuri, ananiulizia nyumbani,
kisha macho yake yanashuka kwenye mikono yangu
kama kwa mbwa aliyewahi kumng'ata.
Siku hiyo sikulipwa. Nilipanda mlima kwa miguu.

Kisha tribunali. Cirhuza, fundi viatu,
kiziwi tangu kuzaliwa,
ameshtakiwa kumpiga kaka yake kwa nyundo
kwa ajili ya kiwanja cha mteremkoni
kisichotosha hata kulaza mtu chali.
Mikono yake ikasema. Nikafungua kinywa:
"Mimi nilimpiga. Mimi nilitaka asikie, hata mara moja,
yale niliyomwambia miaka thelathini
bila yeye kugeuza shingo."
Ukumbi mzima ukanigeukia mimi.
Na kule nyuma, kofia mapajani, Baba
(sijui nani alimwambia)
akanyanyuka nusu kutoka kwenye benchi
kama aliyesikia binti yake akiungama.

Usiku umeme ukakatika, kama ada yake.
Gizani lugha yetu hufa kabla ya nyingine zote.
Akonkwa akanishika mkono, akaandika kiganjani,
herufi moja moja: A-L-I-K-U-J-A?

Kabla sijamjibu, mwanga ukawaka.
Baba ameinua simu yake juu ya sahani ya sambaza
na hamuliki chakula.
"Walikulipa?"
"Franka elfu tano. Na ahadi."
"Basi upepo una deni," akasema,
nami nikamtafsiria Akonkwa, neno kwa neno,
betri ikiwa imebaki asilimia nne,
mkono wa mzee ukitetemeka kwa uchovu,
naye akikataa kuushusha.